Klachi ya Feni Iliyogoma Kutoka Kwenye Lori: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wenye malori, madereva na mafundi wa Nairobi ambao wamefika mbele ya rejeta wakiwa na spana mkononi, na nati ya klachi ya feni haitikisiki. Klachi hiyo ndiyo inayoifanya feni ya rejeta ishike ikipata joto na ilegee ikipoa. Kama umekwama sasa hivi, ruka hadi swali la upande wa kufungulia, kisha usome lile la puli inayozunguka pamoja na nati. Hayo mengine utayasoma lori likishatoka gereji.

Nitajuaje kuwa shida ni klachi ya feni kabla sijaanza kufungua?

Angalia lori linachemka wapi. Likichemka kwenye foleni ya Mombasa Road, au likipanda kutoka Mai Mahiu na mzigo kwa gia ya pili, halafu likapoa lenyewe ukipata barabara wazi, shuku feni kwanza. Ukienda kasi, upepo wa mwendo unatosha kupoza rejeta. Ukienda polepole, upepo wote unatoka kwenye feni. Likichemka ukiwa kwenye mwendo mzuri, barabara tambarare, tafuta kwingine: rejeta iliyoziba, thamostati iliyokwama, mkanda unaoteleza, au gasketi ya silinda hedi.

Zima injini, toa ufunguo, kisha zungusha feni kwa mkono. Injini ikiwa baridi, feni izunguke ikiwa na uzito kidogo. Injini ikiwa imetoka kuchemka sasa hivi, uzito uongezeke, usikie kama inavuta kitu kizito. Ukiisukuma ikaendelea kuzunguka yenyewe mizunguko mingi huku injini ni moto, mafuta ya silikoni yaliyo ndani yamevuja au yamechoka. Isipozunguka kabisa hata ikiwa baridi, imekwama, na hiyo nayo ni mbovu. Halafu shika ncha ya panga moja uvute mbele na nyuma. Mchezo ukizidi milimita 6 hivi, beringi imekwisha. Lakini chunguza kwa makini kama mchezo huo ni wa klachi au wa pampu ya maji, kwa maana ukiwa wa pampu utabadilisha klachi na tatizo litabaki palepale.

Tazama pia uso wa klachi. Vumbi lililoganda kwa mistari inayotoka katikati kwenda ukingoni ni dalili ya mafuta kuvuja.

Kuna watu wanapima kwa kusimamisha feni ya injini inayozunguka kwa gazeti lililokunjwa au kipande cha mti. Usifanye hivyo. Panga la feni likivunjika huruka kwa nguvu ya kumuua mtu.

Rejeta ina matope. Inahusiana vipi na klachi?

Inahusiana sana, na wengi hawalijui hili. Mbele ya klachi kuna kipande cha chuma cha aina mbili kilichounganishwa, wakati mwingine kama springi ya saa, kinachopinda kikipata joto. Kikipinda, kinafungua kijitundu ndani, mafuta ya silikoni yanaingia kati ya sahani zenye mifereji na feni inashika. Chuma hicho hakipimi joto la maji. Kinapima joto la hewa inayotoka kwenye rejeta. Rejeta ikizibwa na matope ya kule machimboni, hewa moto haikifikii chuma hicho, na klachi nzima kabisa inakaa kama iliyokufa. Osha rejeta kwanza, kutoka nyuma kuelekea mbele, kwa maji yasiyo na presha kali, kabla hujatoa hata shilingi moja kununua klachi.

Kuna jambo jingine la huku kwetu. Nairobi iko kama mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na kifuniko cha presha huchemka hapa kwa nyuzi joto 94 hivi. Ukipanda kuelekea Limuru, zaidi ya mita 2,200, yanachemka mapema zaidi. Kwa hiyo kifuniko cha rejeta kilicholegea kinaweza kukufanya uilaumu feni bure. Kibadilishe kwanza, ni cha bei ndogo.

Klachi yangu imefungwa vipi?

Inua kabini au fungua boneti, mulika tochi katikati ya feni, kwa nyuma. Utakuta mojawapo ya hizi.

Ya kwanza ni ya nati nne ndogo kuzunguka kitovu, zikiwa kwenye studi (bolti zisizo na kichwa) za puli ya pampu ya maji. Hii ndiyo ya malori mengi ya Kijapani tunayoyaona kila siku: Isuzu za mfululizo wa N, Canter, Dyna, na hata Land Cruiser na Hilux za dizeli.

Ya pili ni ya nati moja kubwa katikati, ya milimita 32 au 36, ambayo ni sehemu ya klachi yenyewe na inajikaza kwenye mhimili wa pampu. Utaikuta kwenye Land Rover, BMW, na pikapu nyingi za Kimarekani zilizoletwa na wenyewe.

Ya tatu ni ya malori makubwa, inayoshika kwa upepo wa kompresa au kwa umeme. Ukiona paipu ndogo ya upepo au waya unaoingia katikati ya kitovu, simama hapo. Upepo lazima utolewe kwanza kwenye mfumo na waya utolewe kwenye soketi yake, na kila mtengenezaji ana utaratibu wake. Majibu yaliyobaki hapa ni ya aina mbili za kwanza.

Nati ya katikati inafunguka upande gani?

Swali hili ndilo linalovunja spana, vidole na pampu. Mtu anakuta nati haitoki, anaongeza paipu ya futi nne, anaita tanboi asaidie kuning'inia, kumbe wote wawili wanaikaza.

Kanuni ni moja na haijali gari ni la nani: nati ya katikati inafunguka kuelekea upande uleule ambao feni huzungukia injini ikiwa inafanya kazi.

Sababu yake ni hii. Mhimili wa pampu unaivuta feni, na hewa inaizuia. Kwa hiyo nati, ambayo iko upande wa feni, kila wakati inataka kubaki nyuma ya mhimili. Mtengenezaji huchagua nyuzi ambazo kubaki nyuma huko kunaikaza nati, la sivyo feni ingejifungua barabarani na kuingia kwenye rejeta. Ukitaka kuifungua, inabidi uifanye nati iutangulie mhimili, yaani uisukume upande wa mzunguko wa feni.

Hujui feni inazungukia wapi? Fuata mkanda. Injini nyingi za malori, ukisimama mbele na kuzitazama, krenki (mhimili mkuu wa injini) huzunguka kama mshale wa saa. Mkanda ukiigusa puli ya pampu kwa upande wa ndani, ule wenye mifereji au umbo la V, puli inazunguka sawa na krenki, kwa hiyo nati ina nyuzi za kushoto na inafunguka kama mshale wa saa. Mkanda ukiigusa puli kwa mgongo wake laini, puli inazunguka kinyume, na nati ni ya kawaida, inafunguka kinyume cha mshale wa saa.

Mifano: Land Rover yenye injini ya 300Tdi ina nati ya milimita 32 yenye nyuzi za kushoto. BMW nyingi za zamani ziko hivyohivyo. Pikapu za Chevrolet na GMC zenye V8 ya kisasa, ambazo mkanda hupita kwa mgongo, zina nati ya milimita 36 ya kawaida.

Zile nati nne ndogo za Isuzu na Canter ni za kawaida zote. Hazina fumbo.

Nitayarishe nini kabla ya kugusa spana?

Injini iwe baridi kabisa. Lori liwe kwenye sakafu ngumu, magurudumu yamewekewa kabari, na waya wa betri wa hasi umetolewa ili mtu asije akapiga stata ukiwa umeingiza mikono. Kwenye malori ya kuinua kabini, hakikisha kile chuma cha kuishikilia kabini kimeingia kwenye kufuli yake. Usiamini springi peke yake, na usimruhusu mtu kuingia chini ya kabini kabla hujathibitisha kwa macho yako mwenyewe.

Kinga rejeta. Kata kadibodi nene au plaiwudi nyembamba, uiingize kati ya feni na rejeta. Mapezi ya rejeta ni laini sana, na spana ikiteleza mara moja tu umetoboa kitu cha bei kubwa kuliko klachi yenyewe. Kwangu mimi hii ndiyo hatua ambayo haina mjadala hata kama una haraka.

Kisha legeza kava ya feni. Kwenye malori mengi nusu ya juu inatoka peke yake. Kwenye mengine kava na feni lazima vitoke pamoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo fungua skrubu za kava mapema na uiache ikining'inia nyuma. Mwisho, tia alama ya rangi kwenye upande wa feni unaotazama mbele. Utaishukuru alama hiyo wakati wa kurudisha.

Nati nne zinazunguka pamoja na puli. Nifanyeje?

Usitoe mkanda bado. Mkanda uliokazwa vizuri ndio unaoshikilia puli, na watu wengi wanautoa mapema kwa kudhani wanajipa nafasi. Legeza nati zote nne robo mzunguko kwanza, kisha ndipo ulegeze mkanda.

Mkanda ukiteleza, ukandamize kwa kiganja katikati ya puli mbili huku unavuta spana kwa mkono mwingine. Tumia spana ya ringi, si ya mdomo wazi. Nati hizi ni ndogo, za milimita 12 au karibu na hapo, na zikipoteza kona zake nafasi ya kuingiza koleo hakuna.

Nati nne zimetoka zote, lakini klachi haibanduki kwenye puli.

Hii ndiyo aina ya ugumu ninayoiona zaidi kwenye Canter na Isuzu zilizofanya kazi ya mchanga na kokoto. Katikati ya puli kuna ncha fupi ya mhimili inayoingia kwenye kitovu cha klachi ili feni ikae sawa. Kutu na vumbi la miaka vinaijaza nafasi hiyo, na vyuma viwili vinakuwa kitu kimoja.

Nyunyizia mafuta ya kupenya katikati na kwenye kila studi, uache saa kadhaa, au usiku mzima kama lori haliendi popote. Asubuhi nyunyizia tena. Halafu gonga kwa nyundo ndogo pembeni ya kitovu cha chuma cha klachi, huku unazungusha feni, ili kila upande upate. Gonga kitovu tu. Mwili wa klachi wenye mapezi ni alumini, unapasuka. Mapanga ya plastiki pia yanapata nyufa ambazo huzioni leo, na panga linaruka wiki ijayo.

Ukitaka kupenyeza kitu, tumia patasi mbili nyembamba zinazotazamana, moja juu na moja chini, kati ya kitovu na puli. Ziingize kidogokidogo kwa zamu. Patasi moja peke yake inaipinda puli, na puli iliyopinda italia na kula mkanda kila siku. Usiegemeze kitu chochote kwenye rejeta kutafuta nguvu.

Kama una sahani ya kuvutia klachi nje, yenye bolti mbili, ndiyo njia safi kuliko zote. Mafundi wa vyuma wa Kamukunji wanaweza kukukatia kipande cha chuma bapa chenye matundu ukiwapelekea kipimo. Ila hakikisha klachi yenyewe ina matundu ya kushikia. Isipokuwa nayo, rudi kwenye patasi mbili.

Nati ya katikati: puli inazunguka pamoja na nati. Nitaishika vipi?

Kuna njia mbili, na naziamini zote mbili kwa mpangilio huu.

Njia ya kwanza ni mshtuko. Nati kama hii haikubali kusukumwa polepole, kwa sababu ukisukuma polepole mkanda unateleza na puli inafuata. Inakubali pigo la ghafla. Acha mkanda ukiwa umekazwa. Vaa spana ya 32 au 36 kwenye nati, iliyo nyembamba ya kuingia nyuma ya feni, mpini ukielekea mahali ambapo nyundo itapata nafasi ya kufika. Ondoa uvivu wote wa spana kwa kuivuta ikae imara kwenye nati, upande ule wa kufungua. Kisha piga ncha ya mpini kwa nyundo ya kilo moja, pigo moja kavu. Uzito wa puli na pampu unachelewa kufuata, nati inasogea kwanza. Mara nyingi pigo la pili au la tatu linatosha. Usipige mfululizo kama unapigilia msumari. Piga, rudisha spana ikae, piga tena.

Ukiwa na kompresa, nyundo ya upepo yenye kichwa butu ikigonga ncha ya spana inafanya kazi hii vizuri sana, kwa sababu ni mapigo madogo mengi ya ghafla. Lakini shikilia spana kwa kamba au waya, isiruke kwenye rejeta nati ikiachia.

Njia ya pili ni kuishika puli. Tengeneza chuma bapa chenye urefu wa kama sentimita 60, kikiwa na matundu mawili au mdomo unaokaa juu ya vichwa vya bolti za puli ya pampu. Unakiegemeza kwenye chuma kigumu cha injini, halafu unavuta spana upande wa kufungulia. Watu wengine huingiza bisibisi kubwa kati ya vichwa viwili vya bolti za puli. Inawezekana, ila bolti hizo ni fupi na ndogo, na ukizivunja umejipa kazi ya pampu pia. Nakushauri chuma bapa.

Spana ya paipu kwenye nati ya katikati ni ya mwisho kabisa, na iwe tu kama klachi inatupwa. Inakwangua kona zote, na baada ya hapo spana ya kawaida haitashika tena.

Mafuta gani ya kupenya yanafaa?

Ya dukani yoyote yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mafundi wengi wanachanganya asetoni na mafuta ya gia otomatiki nusu kwa nusu, na mchanganyiko huo unapenya vizuri. Unashika moto haraka sana, kwa hiyo usiutumie mahali ambapo utaleta moto baadaye. Pia ufunike mkanda kwa kitambaa. Mkanda uliolowa mafuta utateleza na kulia, na hautakusaidia kushika puli wakati unapouhitaji.

Naweza kutumia moto wa gesi?

Kidogo, kwenye nati peke yake, na kwa sekunde chache. Nyuma ya nati kuna sili na beringi ya pampu, mbele yake kuna mafuta ya silikoni na sili za klachi, na kuzunguka pote kuna plastiki, mipira na kulanti (maji ya kupozea injini). Kama vyote viwili, pampu na klachi, vinabadilishwa, una uhuru zaidi. Kama unataka kuirudisha klachi ileile, achana na moto.

Kamwe usitumie moto mahali uliponyunyizia dawa ya kusafisha breki. Zenye klorini zikipata moto hutoa gesi ya sumu ambayo kiasi kidogo tu kinaharibu mapafu. Weka kizima moto karibu na ufungue milango ya gereji.

Fundi amesema tuegemeze spana kwenye chasi, tupige stata kidogo. Ni sawa?

Hapana. Kwanza stata inazungusha injini upande wake wa kawaida, yaani mhimili unakimbia mbele ya nati, na hapo nati inazidi kukazwa. Rudi usome kanuni ya juu, utaona haiwezekani ifunguke. Pili, spana itakayoteleza hapo ina nguvu ya injini nyuma yake na uso wa mtu mbele yake. Fundi akisisitiza, tafuta fundi mwingine.

Studi imekatika wakati nafungua nati. Nimeharibu pampu?

Si lazima. Kama imebaki sehemu ya nje ya kutosha, kaza nati mbili pamoja juu yake na uifungue kwa ile ya ndani. Kama imebaki fupi, fundi wa welding anachomelea nati juu ya kisiki na joto lenyewe linasaidia kulegeza kutu. Betri lazima iwe imetolewa waya zote mbili kabla ya welding. Kama imekatikia ndani kabisa, itobolewe kwa kuchimba katikati sawasawa, kisha itolewe au tundu litengenezewe nyuzi mpya.

Usirudishe klachi kwa studi tatu. Feni isiyokaa sawa inatikisa, na mtikiso huo unaua beringi ya pampu.

Nimejaribu yote. Bado.

Kama pampu ya maji ni kuukuu au inavuja, toa pampu pamoja na feni kwa kipande kimoja. Kwenye injini nyingi inawezekana ukiondoa kava na, ikibidi, rejeta. Ukishaviweka kwenye meza yenye jiriwa, nati iliyokushinda kwa siku nzima inafunguka kwa dakika chache, kwa kuwa sasa una nafasi ya kusimama na kuvuta.

Kama klachi ni ya kutupwa, unaweza kuikata nati kwa grinda upande mmoja, bila kufika kwenye nyuzi za mhimili, kisha kuipasua kwa patasi. Rejeta ifunikwe kabisa kwa bati, na uvae miwani ya kazi.

Badala ya kubadilisha, si niichomelee tu iwe inashika wakati wote?

Najua inafanywa, na najua kwa nini: klachi ni ghali na lori linatakiwa kesho. Lakini feni ya lori kubwa ikishika kikamilifu kwa mizunguko ya juu inakula nguvu nyingi, farasi 30 na zaidi. Nguvu hiyo inatoka kwenye dizeli yako kila kilomita, hata usiku wa baridi wakati injini haihitaji kupozwa. Pampu inabeba mzigo ambao haikuundiwa, mkanda unachoka, na mapanga yanazungushwa kwa kasi ambayo klachi ilikuwepo kuyakinga nayo. Kama huna njia ya kufika nyumbani na umefunga kwa bolti, endesha kwa mizunguko ya chini na uitoe ukifika. Usiifanye iwe suluhisho.

Naweza kuongeza mafuta ya silikoni ndani ya klachi?

Kwa klachi zinazofunguka, ndiyo, na ni kazi nzuri. Toyota huuza mafuta ya silikoni kwenye vitubu vya mililita 18 vya unene tofauti tofauti, kama sentistoki (kipimo cha unene wa mafuta) 3,000, 6,000 na 10,000, na wenye Land Cruiser wamekuwa wakifanya hivi kwa muda mrefu. Yanayotumiwa ni ya silikoni tu. Mafuta ya injini au ya hidroliki hayafanyi kazi hapo. Kama beringi ina mchezo au sili imepasuka, usipoteze pesa ya mafuta.

Ninunue mpya au ya mtumba?

Kirinyaga Road na Kariobangi utazipata zote mbili, na za Isuzu hazisumbui kupata kwa sababu malori hayo yanaunganishwa hapahapa Nairobi. Nenda na ile ya zamani mkononi. Linganisha kina cha kitovu, umbali wa matundu, na idadi ya bolti za feni. Tofauti ya sentimita moja ya kina inaipeleka feni kwenye rejeta.

Ya mtumba izungushe mkononi, isikie uzito laini usio na mikwaruzo, na utazame kama imelowa. Uliza pia ilivyokaa. Klachi hizi zinatakiwa zikae wima kama zinavyokaa kwenye gari. Zikilazwa chali kwa muda mrefu, mafuta yanahama na yanaweza kuingia kwenye beringi. Hata yako uliyoitoa, isimamishe ukutani, usiilaze sakafuni.

Wakati wa kurudisha niangalie nini?

Safisha nyuzi kwa brashi ya waya na upake grisi ya shaba kidogo sana. Atakayeifungua baadaye huenda ni wewe. Anza nati kwa vidole, na isizunguke kwa nguvu mizunguko ya kwanza; nyuzi zikipishana kwenye mhimili, pampu imekwenda.

Usiikaze nati ya katikati kwa paipu. Itajikaza yenyewe. BMW, kwa mfano, wanataka nyutonimita 40 tu. Nati ndogo za studi za milimita 8 kwa kawaida ni kati ya nyutonimita 20 na 25, zikikazwa kwa kupishana ili kitovu kikae sawa. Kitabu cha lori lako kikisema vingine, kifuate.

Angalia alama yako ya rangi. Feni iliyogeuzwa nyuma mbele inazunguka vizuri kabisa machoni lakini inavuta hewa kidogo, na lori litaendelea kuchemka huku kila mtu akiamini klachi mpya ni mbovu. Zungusha feni kwa mkono mzunguko mzima, uone nafasi kati ya mapanga na kava ni sawa pande zote, kisha utoe kadibodi.

Naweza kuendesha bila feni hadi gereji?

Ikiwa ni saa kumi alfajiri, lori halina mzigo na barabara iko wazi, unaweza kufika huku jicho likiwa kwenye geji. Saa mbili asubuhi kwenye Jogoo Road, hapana. Hutafika mbali kabla sindano haijapanda, na silinda hedi iliyopinda inagharimu mara nyingi zaidi ya gari la kuvuta.

Nimefunga mpya, lakini asubuhi feni inanguruma sana. Nimeuziwa mbovu?

Huenda ni nzima. Lori likilala, mafuta ya silikoni yanarudi kati ya sahani, na injini ikiwaka feni inashika kwa muda mfupi mpaka yasukumwe kutoka. Mngurumo ukiisha ndani ya dakika moja au mbili, ni kawaida. Ukiendelea hadi injini ipate joto na usiishe hata ukiwa barabarani, klachi imekwama ikiwa imeshika, irudishe dukani ukiwa na risiti.